Siku Saba Kwenye Njia ya Karantini

Siku ya 1: Dubrovnik

Tumefika Dubrovnik, nchini Kroatia, saa nane mchana, mimi na dada yangu mkubwa. Pale mapokezi dada aliuliza jambo moja tu: chumba chetu kiko ghorofa ya ngapi. Kabla ya 2020 asingeuliza. Alikuwa mtu wa kupanda ngazi mbili mbili huku akinihimiza mimi niliyebaki nyuma. Korona ilimlaza hospitalini mwaka 2021. Akapona, lakini mapafu hayakurudi yalivyokuwa. Sasa akipanda ngazi kama thelathini husimama, hushika ukuta, huvuta pumzi tatu, kisha huendelea. Safari hii nimeipanga kwa kufuata hizo pumzi tatu.

Nilitaka kuja huku tangu nilipofungiwa chumbani mwaka uleule. Karantini, neno tulilolisema kila siku kwa miaka miwili bila kujiuliza limetoka wapi, lilizaliwa kwenye pwani hizi za bahari ya Adriatiki. Nikajiambia kwamba milango ikifunguliwa nitaifuata njia lilikopita neno hilo, na sitaifuata peke yangu. Imechukua miaka minne. Kwanza tulisubiri mapafu, kisha pesa, kisha viza, maana mipaka ilipofunguliwa kila mtu alikimbilia ubalozini na miadi ikawa adimu.

Zamani nilikuwa msafiri wa kuhesabu. Nchi tano kwa siku tisa, ndege ya alfajiri, ndege ya usiku, na nikirudi hata jina la mtaa niliolala silikumbuki. Tiketi zangu zilikuwa zimeegemeana, moja ikichelewa zote zinaanguka. Machi 2020 zilianguka kweli. Shirika la ndege likanipa vocha badala ya fedha zangu, na vocha ikaisha muda wake mipaka ingali imefungwa. Tangu hapo nanunua tiketi inayoweza kufutwa, hata kama ni ghali. Masharti ya bima nayasoma hadi mstari wa mwisho. Kati ya chombo kimoja na kingine naacha nusu siku. Najua siko peke yangu: maneno "unaweza kufuta bila malipo" siku hizi wengi huyatafuta kabla hata ya kutazama picha za chumba.

Jioni tulitembea taratibu hadi bandari ya Gruž. Meli ya kitalii ilikuwa gatini, ghorofa juu ya ghorofa, taa zote zimewaka. Dada aliitazama muda mrefu.

"Ile ya Japani ilikuwa kama hii?"

Nilijua anauliza ipi. Februari 2020 Diamond Princess ilizuiliwa bandarini Yokohama ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 wakaambukizwa. Tuliwaona kwenye simu zetu, wamesimama kwenye roshani ndogo wakipunga mikono. Wakati ule tulidhani ni habari za watu wa mbali.

Dubrovnik ilikuwa imeelemewa na meli hata kabla ya korona. Mwaka 2019 ilikubaliana na kampuni za meli kwamba zisizidi mbili kwa siku, wala abiria 4,000 kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata karibu zote zilitoweka. Kupunguziwa mzigo ni jambo moja, kunyang'anywa riziki ni jingine, na mji huu uliyaonja yote mawili kwa kufuatana.

Siku ya 2: Lazareti, na kisiwa cha Mrkan

Nje kidogo ya lango la Ploče, mashariki mwa ukuta wa mji mkongwe, kuna kumbi kumi ndefu za mawe, zimepangwa ubavu kwa ubavu kando ya bahari. Hizi ndizo Lazareti. Ujenzi wake ulianza 1590 ukaingia karne ya 17. Misafara iliyotoka nchi za milki ya Osmania ilishushiwa hapa, watu na bidhaa zao, wakasubiri mpaka ijulikane kwamba hawakuja na tauni. Leo ni mahali pa muziki na ngoma. Tulipopita, vijana walikuwa ndani kwenye mazoezi. Tulisikia visigino vikigonga sakafu kwa pamoja, vikinyamaza, vikianza tena.

Lakini kilichonileta hasa ni cha zamani zaidi. Tarehe 27 Julai 1377 Baraza Kuu la mji huu, ambao wakati huo uliitwa Ragusa, liliamua kwamba anayetoka mahali penye tauni asiingie mpaka akae mwezi mmoja kwenye kisiwa cha Mrkan au katika mji wa Cavtat. Siku 40 zilikuja baadaye, na ni kutokana na neno la Kivenisi la arobaini ndipo dunia ikapata karantini.

Tulipanda boti ya Cavtat ili tukione kisiwa hicho. Ni jabali lenye vichaka, hakuna anayeishi pale, ni hifadhi ya ndege wa baharini. Kilichonishtua ni ukaribu wake. Mtu aliyekaa Mrkan aliweza kuuona mji aliozuiwa kuuingia. Jioni pengine aliona moshi wa majiko ya watu.

Nimelifikiria sana agizo lile. Wengi wetu tuliijua karantini kama kufuli. Ragusa iliishi kwa biashara ya bahari. Kuifunga bandari kungeiua kabla ya tauni kuiua. Kuwafungulia wote pia kungeiua. Wakatafuta njia ya katikati: karibu, ila subiri kwanza. Karantini ilibuniwa ili mgeni aweze kuingia. Sisi Aprili 2020 tulianza na kufuli lenyewe. Mwezi ule Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilisema hakuna eneo la utalii duniani ambalo halikuwa limeweka vizuizi vya safari. Kutoka safari za kimataifa zipatazo bilioni 1.46 mwaka 2019, dunia ilishuka hadi kama milioni 400 mwaka 2020.

Dada alikuwa ameegemea ukingo wa boti, upepo usoni. "Mwezi mzima," akasema. "Wewe siku 14 ulikuwa unalia."

Ni kweli, nililia.

Siku ya 3: Basi hadi Split, kisha feri

Siku ya njiani. Basi limepita juu ya daraja la Pelješac, lililofunguliwa Julai 2022. Kabla yake njia hii ilikatiza kipande cha Bosnia na Herzegovina pale Neum, yaani mipaka miwili ndani ya dakika chache. Mwaka 2020 watu wa nchi moja walilazimika kutoka nje ya nchi yao ili wafike upande wake mwingine, wakati ambao kuvuka mpaka wowote kulikuwa na masharti mapya kila wiki. Sasa basi halisimami. Na kwa kuwa Kroatia iliingia mwaka 2023 eneo la Schengen, la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, viza yetu moja inatosha kwa safari nzima.

Tumeingia kwenye feri ya usiku kwenda Ancona. Dada amevaa barakoa katika ujia wa vyumba na kuivua tukiwa sitahani. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Zamani abiria mwenye barakoa aliwatia watu wasiwasi.

Siku ya 4: Ancona

Tumeamka na pwani ya Italia. Kitu cha kwanza kinachoonekana ukiingia bandari ya Ancona upande wa kusini ni jengo kubwa la pembe tano lililosimama majini. Ni Mole, lazareti ambayo mbunifu Luigi Vanvitelli alianza kuijenga mwaka 1733 kwa agizo la Papa Clement XII, juu ya kisiwa kilichotengenezwa kwa mikono. Mwenye meli alishusha watu na shehena humu bila kukanyaga mji. Katikati ya ua kuna kihekalu kidogo cha Mtakatifu Rocco, mlinzi wa wagonjwa wa tauni, na chini yake matangi ya maji ya mvua. Walifikiria kila kitu: maji, sala, ulinzi.

Nilidhani tutakaa nusu saa. Tumekaa mpaka wakafunga.

Ndani ya Mole siku hizi kuna Museo Omero, makumbusho ya kugusa. Yalianzishwa mwaka 1993 kwa wazo la mume na mke wasioona, Aldo Grassini na Daniela Bottegoni, waliochoka kusafiri duniani na kuambiwa kila mahali wasiguse. Hapa mgeni anatakiwa aguse. Nakala za kazi za Michelangelo zimesimama wazi, hakuna kamba wala kioo.

Dada alisita. Mlangoni palikuwa na kitakasa mikono. Alikipaka mara mbili, akasugua mpaka kati ya vidole, ile namna tuliyofundishwa. Kisha akaweka kiganja kwenye shavu la sanamu, akakiacha pale. Vidole vikafuata mfupa wa shavu, vikashuka kwenye pua, vikapita juu ya midomo. Akafumba macho. Mimi nilisimama nyuma yake nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tukifungua milango kwa viwiko, jinsi nilivyosalimiana naye siku niliyotoka karantini, yeye kitandani, mimi mlangoni, tumenyoosha mikono hewani. Jengo hili lilijengwa ili mtu asimguse mtu.

"Njoo uguse sikio," akaniita. "Limechongwa mpaka ndani."

Ukiniuliza ni kipi cha kuona kati ya vyote vilivyomo kwenye safari hii, nitakutaja hiki kwanza.

Siku ya 5: Treni hadi Venice

Ni Ijumaa. Treni imetuchukua asubuhi, dirisha la kulia ni bahari tupu mpaka Pesaro. Zamani ningetafuta ndege, nisingefikiria treni kabisa. Lakini kwenye ndege dada hukosa raha hewa ikikauka, na mimi nimegundua kwamba nikifika mahali polepole nafika mzima zaidi.

Njiani tumezungumza kuhusu vyeti. Enzi za tauni msafiri wa Italia alibeba hati ya afya, karatasi iliyosema ametoka mji usio na ugonjwa. Bila hiyo lango halifunguliwi. Tarehe 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya ulianza kutumia cheti chake cha kidijitali, na kwa wenye nacho dunia ilifunguka. Sisi wawili tulikuwa tumechanjwa Covishield, chanjo ya AstraZeneca iliyotengenezwa India na kugawiwa nchi nyingi za Afrika kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Haikuwemo kwenye orodha ya chanjo ambazo nchi zote za Umoja huo zililazimika kuzikubali. Kila nchi iliachiwa iamue yenyewe. Dawa ni ileile, kiwanda tofauti. Umoja wa Afrika ulilalamika, nchi kadhaa zikaikubali, lakini jeraha lilibaki. Watu wengi ninaowajua waliacha kupanga safari za Ulaya kabisa. Waliogopa kufedheheshwa kwenye kaunta kuliko walivyoogopa ugonjwa. Tukisema janga limebadilisha tabia za wasafiri, hilo nalo lihesabiwe.

Venice ina msimbo wake. Tangu Aprili 2024 mgeni wa kutwa hulipa kuingia mji mkongwe siku zilizotangazwa, ambazo mwaka 2025 zilikuwa 54: yuro 5 kwa aliyewahi kulipa, 10 kwa aliyechelewa. Sisi tunalala hapa, hatulipi, lakini ilibidi tujisajili na kupata msimbo wa QR wa msamaha. Pale nje ya stesheni mkaguzi aliusoma kwenye simu ya dada, taa ya kijani ikawaka. Wazo la kutoza lilikuwepo kabla ya korona. Ila sidhani watu wangekubali kirahisi kusomwa simu barabarani kama si ile miaka miwili ya kuonyesha cheti kila mlango.

Karibu na daraja la Rialto, kwenye uwanja wa San Bartolomeo, kuna duka la dawa lenye namba za taa dirishani. Wapita njia wengi hudhani ni tangazo. Ni idadi ya wakazi wa mji mkongwe. Mwaka 1951 walikuwa kama 175,000. Agosti 2022 walishuka chini ya 50,000, na 2023 vitanda vya watalii vilipita idadi yao. Mwaka 2020, watalii walipoondoka wote, madirisha mengi yalibaki giza usiku, na wenyeji wakaona kwa macho yao nyumba zipi bado zina watu.

Siku ya 6: Lazzaretto Nuovo

Boti namba 13 kutoka Fondamente Nove husimama kwenye kisiwa hiki ukiomba tu. Tuliomba. Tulishuka watu wanne.

Venice ilikuwa na visiwa viwili vya namna hii. Lazzaretto Vecchio, ya 1423, ilikuwa ya wagonjwa, na wachimbuzi wamekuta huko makaburi ya pamoja yenye mifupa ya zaidi ya watu 1,500. Hii ya 1468 ilikuwa ya wazima: mabaharia na wafanyabiashara ambao hakuna aliyejua kama wana ugonjwa. Wenye uwezo walikaa katika vyumba vidogo vilivyozunguka kisiwa. Shehena iliwekwa kwenye ghala kuu, Tezon Grande, lenye urefu wa zaidi ya mita 100, ikafukizwa kwa mireteni na rosemari. Na ni humo, kwenye kuta za ghala, walimoandika.

Maandishi ni mekundu, rangi ya kutu. Wachukuzi na walinzi waliandika majina yao, alama za wenye mali, michoro ya meli, tarehe, mji ambao chombo kilitoka. Mwongozaji alitutajia bandari: Cyprus, Constantinople. Miaka ni ya karne ya 16 na ya 17. Hakuna shairi. Hakuna malalamiko niliyoonyeshwa. Ni mtu aliyesimama mbele ya ukuta mweupe na muda mwingi, akataka ijulikane kwamba alikuwepo.

Mwaka 2021 nilifungiwa siku 14 kwenye hoteli karibu na uwanja wa ndege. Dada alikuwa hospitalini katika mji huohuo, mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Mara tatu kwa siku mlango uligongwa mara mbili. Ilibidi nisubiri nyayo ziishe ujiani ndipo nifungue na kuchukua sinia iliyowekwa juu ya kiti. Nilimjua mleta sinia kwa viatu vyake tu, kimoja kilikuwa kinalia. Dirisha halikufunguka. Siku ya tatu nilianza kuchora mistari kwa penseli nyuma ya pazia, pale msafishaji asipopaona haraka. Kila jioni mstari mmoja, na pembeni namba ya oksijeni ya dada aliyoisoma muuguzi kwenye simu. 88. 87. 90. Sijawahi kumwambia mtu kuhusu ukuta ule. Niliona aibu, kuharibu mali ya watu.

Nilimwambia dada leo, tumesimama ndani ya Tezon Grande.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha: "Ya mwisho ilikuwa ngapi?"

"Tisini na nne."

"Hiyo uliandika kubwa?"

"Kubwa kuliko zote."

Mwongozaji alikuwa ameshatangulia mlangoni na wale wengine wawili. Tulibaki kidogo, yeye akiwa amesogeza uso karibu na maandishi, akijaribu kusoma jina la mtu aliyeishi miaka mia nne iliyopita. Nje tulipita kwenye njia ya majani inayozunguka kisiwa. Maji ya wangwa yalikuwa mazito, ya kijani.

Nikakumbuka zile picha za Machi 2020, mifereji ya Venice inaonekana mpaka chini. Watu walishangilia kwamba maji yamesafika. Kilichotokea ni kwamba boti zilisimama na matope yakatulia. Na pomboo waliosambaa mtandaoni walipigwa picha Cagliari, huko Sardinia. Nadhani tuliwashangilia kwa sababu tulihitaji kuamini kuna kitu kinapona.

Siku ya 7: Giudecca

Jumapili, siku ya mwisho. Asubuhi tumeingia viwanja vya San Marco na tumetoka haraka. Umati ulikuwa bega kwa bega. Mwaka 2024 dunia nzima ilifanya safari za kimataifa kama bilioni 1.4, karibu sawa na kabla ya korona. Mimi ni mmoja wa hao, siwezi kusimama pembeni na kuwalaumu. Najua wengi pale walikuwa wanalipa deni, la fungate lililoahirishwa, la mzazi waliyemwahidi. Lakini mji nao umejifunza kusema kiasi. Tangu Agosti 2021 meli kubwa haziruhusiwi kupita mbele ya San Marco, na tangu 2024 kundi la watalii lisizidi watu 25, wala mwongozaji asitumie kipaza sauti.

Mchana tumevuka kwenda kisiwa cha Giudecca. Hakuna foleni huku. Kanisa la Redentore linatazama maji. Tauni ya 1575 hadi 1577 iliua zaidi ya robo ya wakazi, na baraza la mji likaweka nadhiri ya kujenga kanisa ikiisha. Mbunifu Palladio akalichora, jiwe la msingi likawekwa Mei 1577. Mpaka leo kila Julai hutandazwa daraja la muda juu ya mfereji ili watu wavuke kwa miguu kuja kutimiza nadhiri ile.

Jumapili hakuna ziara za watalii ndani. Dada aliziangalia ngazi za mbele, pana, nyeupe kwa jua.

"Tukae pale juu," akasema.

Nilimpa mkono, akaukataa. Alipanda saba, akasimama. Hapakuwa na ukuta wa kushika, akaweka mikono magotini. Pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Boti ilipita, mawimbi yakagonga gati. Akaendelea.

"Umehesabu?" aliniuliza alipokaa, anahema.

"Kumi na tano."

Nilitolewa karantini siku ya 15. Alinitazama, akavuta mkoba wake ukawa kati yetu, akatoa chupa ya maji, akaninywesha mimi kwanza.